Pakiti Ni Ile Ile, Uzito Siyo: Nani Ananipunja?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Ninapika keki, maandazi na vitafunwa vya oda hapa Morogoro. Mapishi yangu yote nimeyaandika kwa pakiti: unga pakiti moja, maziwa pakiti moja, majarini kopo moja. Siku za karibuni mambo hayakai sawa. Donge la maandazi linakaza na hayafutuki kama zamani, keki zinatoka kavu, na faida siioni ingawa bei za dukani hazijapanda sana. Nimenunua mizani ya kidijitali ya jikoni na nimeanza kupima kila kinachoingia. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Kopo la majarini kwa macho ni lile lile na bei ni ile ile, sh 4,500, lakini maandishi madogo yanasema 450 g. Zamani yalisema 500 g. Maziwa yalikuwa 500 ml, sasa ni 450 ml. Pakiti ya unga wa ngano imeandikwa 1 kg, mizani inasoma 985 g pamoja na karatasi yake. Sukari ya "kilo" ninayoikuta imeshafungwa kwenye mfuko wa nailoni dukani inasoma 960 g. Dumu la mafuta la lita 20 lina kilo 19.2 likiwa limejaa, na jirani yangu anasema nimepunjwa karibu kilo nzima.

Naomba kujua ni wapi nimeibiwa kweli na ni wapi nimeelewa vibaya, nipeleke malalamiko yangu wapi, na mapishi yangu niyarekebisheje.

Mpika vitafunwa wa oda, Morogoro

JIBU

Dada yangu, kwenye barua yako kuna mambo matatu tofauti yaliyochanganyika, na kila moja lina mlango wake. Majarini na maziwa ni pakiti iliyopunguzwa na kutangazwa kwenye lebo. Unga ni lebo inayosema kitu kimoja na mizani ikasema kingine. Sukari haina lebo kabisa, ni neno la muuzaji tu. Mafuta niyaondoe mapema kwa sababu hapo hujapunjwa.

Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, lakini lita moja ya mafuta ya alizeti au ya mawese yaliyochujwa ina gramu kati ya 905 na 920 hivi, kutegemea aina na joto la siku. Lita 20 kwa gramu 910 ni kilo 18.2. Dumu tupu la plastiki lina uzito wa karibu kilo moja (lipime lako likiisha). Jumla ni kilo 19.2, na ndicho ulichokiona. Jirani amelinganisha lita na kilo. Kosa hilo huwaumiza watu upande wa pili pia: muuzaji wa mafuta ya kupima akikutajia bei ya "kilo" na mwenzake bei ya "lita", usizilinganishe hivyo hivyo, maana kilo moja ya mafuta ni karibu lita 1.1. Kwa maziwa ni kinyume, nayo ni mazito kidogo kuliko maji: ml 500 zina karibu gramu 515.

Sasa majarini. Mtengenezaji anaruhusiwa kubadilisha ukubwa wa pakiti yake, mradi uzito mpya ameuandika na ndani umo kweli. Lebo ikisema 450 g na ndani mna 450 g, mkaguzi wa vipimo hana kosa la kumshtaki. Lakini bei imepanda, na lazima ujue imepanda kwa kiasi gani. Gawa bei kwa gramu kisha zidisha kwa 1,000, utapata bei ya kilo. Sh 4,500 kwa gramu 500 ilikuwa sh 9,000 kwa kilo. Sh 4,500 kwa gramu 450 ni sh 10,000 kwa kilo. Uzito umeshuka kwa asilimia 10, bei imepanda kwa asilimia 11.1. Pengo hilo hukua haraka: pakiti ikitoka 400 g hadi 350 g kwa bei ile ile, umepandishiwa asilimia 14.3, ikitoka 250 g hadi 200 g, umepandishiwa robo nzima.

Kwa nini jicho halikuona? Kwa sababu upungufu wa ujazo hugawanywa kwenye urefu, upana na kina. Ukitaka kupunguza ujazo kwa asilimia 10, inatosha kupunguza kila upande kwa asilimia 3.5 tu. Kopo lenye kimo cha sentimita 10 linakuwa na sentimita 9.65, yaani milimita tatu na nusu, na hakuna mnunuzi anayeliona hilo rafuni. Wengine hawagusi kimo wala upana, wanabonyeza kitako kuelekea ndani au wanaacha nafasi wazi chini ya kifuniko. Geuza kopo, pitisha kidole kwenye kitako, utalisikia bonde.

Ili ujue bidhaa imebadilishwa lini, tunza pakiti tupu moja ya kila unachonunua na ulinganishe namba zilizo chini ya msimbo wa mistari. Kwa kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba hizo duniani, uzito uliotangazwa ukibadilika bidhaa inatakiwa kupewa namba mpya. Tarakimu za mwanzo hazibadiliki: 620 kwa kampuni iliyosajili namba zake Tanzania, 616 kwa iliyosajili Kenya. Mabadiliko utayaona kwenye tarakimu za mwisho. Namba ikiwa tofauti na ile ya pakiti uliyoitunza, hata kama picha na rangi ni zile zile, tafuta uzito upya kabla hujalipa. Pia jihadhari na maandishi ya "50 g bure" yanayotokea baada ya pakiti kupunguzwa. Gramu 450 na 50 za bure ni 500, yaani umerudishiwa kipimo chako cha zamani kwa muda.

Kwenye majarini kuna namba nyingine ninayoiona ni muhimu kuliko uzito, na pengine ndiyo inayokukaushia keki: asilimia ya mafuta. Kwa viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyoitwa Codex, kitu kinachoitwa majarini kinatakiwa kuwa na mafuta yasiyopungua asilimia 80. Vile vya kupaka mkate vyenye mafuta pungufu ya hapo, mara 70, mara 60 au chini zaidi, vinakaa kwenye rafu ile ile na kwenye makopo yanayofanana. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Tufanye keki yako inakwenda kopo moja kwa kilo moja ya unga. Kopo la 500 g lenye asilimia 80 lilikupa gramu 400 za mafuta halisi. Kopo la 450 g lenye asilimia 60 linakupa gramu 270. Umepoteza karibu theluthi ya mafuta huku ukiamini umepoteza sehemu moja ya kumi. Keki ya namna hiyo itakuwa kavu hata uikande vipi, kwa sababu mafuta ndiyo yanayozuia unga usishikane na kuwa mgumu, na ndiyo yanayobeba hewa unapopiga majarini na sukari.

Ukilazimika kutumia hicho cha asilimia 60, utahitaji gramu 667 ili upate mafuta yale yale 400, na hapo utakuwa umeingiza maji zaidi ya gramu 160 kuliko mwanzo, kwa hiyo punguza maziwa kwa kiasi hicho. Mimi nisingekushauri. Kwa gramu ya mafuta halisi, kopo hilo la sh 4,500 limekugharimu sh 16.7, na lile la zamani lilikugharimu sh 11.25. Kwa keki tafuta lenye asilimia 80 hata kama bei yake usoni ni kubwa zaidi.

Tuje kwenye unga, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kwa pande zote mbili: wengine hulalamika bure, wengine hunyamaza walipotakiwa kusema.

Uzito ulioandikwa kwenye pakiti ni uzito halisi wa kilichomo, bila karatasi, mfuko, kopo wala kamba. Kwa hiyo 985 uliyoiona bado ina karatasi ndani yake. Mwaga unga wote kwenye bakuli, kung'uta pakiti, ipime tupu. Tuseme ni gramu 12. Unga wako basi ni gramu 973, na upungufu ni gramu 27.

Je, 27 ni nyingi? Mashine ya kujaza haiwezi kutoa kilo moja kamili kila mara, na sheria za vipimo zinalijua hilo. Mwongozo unaofuatwa na nchi nyingi ni ule wa Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, OIML, unaoitwa R 87. Unaweka masharti matatu kwa pamoja. La kwanza, wastani wa pakiti zote za shehena moja usipungue uzito ulioandikwa. La pili, kila uzito una upungufu wake unaovumilika kwa pakiti moja moja, na pakiti zinazovuka upungufu huo zisizidi asilimia 2.5 ya shehena. La tatu, pakiti yoyote isipungue zaidi ya mara mbili ya upungufu huo. Kwa pakiti ya kilo moja upungufu unaovumilika ni gramu 15. Kwa kilo mbili ni 30. Kwa nusu kilo ni 15 pia. Kwa gramu 100 ni 4.5, na kwa gunia la kilo 50 ni gramu 500. Mkaguzi wako atasoma jedwali la kanuni zetu za nyumbani, lakini mantiki ndiyo hii.

Pakiti yako ya 973 imevuka 15 na haijafika 30. Yaani ni pakiti inayoruhusiwa kuwepo kwa nadra, zisizozidi 25 katika kila 1,000. Ukikutana nayo mara moja huwezi kumshika mtu. Ukinunua tano za toleo hilo hilo na zote zikawa chini ya 985 baada ya kutoa karatasi, hapo kuna jambo, kwa sababu sharti la wastani haliwezi kuwa limetimizwa kwa urahisi. Sharti la wastani ndilo kinga kubwa ya mnunuzi. Bila hilo, kiwanda kingeweza kurekebisha mashine ijaze gramu 986 kila pakiti na kujitetea kwamba kiko ndani ya uvumilivu. Ule uvumilivu ni wa kutikisika kwa mashine, si akiba ya mwenye kiwanda.

Kabla hujaandika malalamiko, fikiria unyevu. Unga ni kitu kinachopumua, na karatasi haizuii mvuke wa maji. Chukua unga uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 14: katika kilo moja kuna gramu 860 za unga mkavu na 140 za maji. Ukikaa rafuni kwenye duka la bati lenye joto hadi unyevu ushuke kufika asilimia 12, zile 860 hazijapungua, ila uzito wote sasa ni 860 ukigawa kwa 0.88, yaani gramu 977. Zimepotea gramu 23 na hakuna aliyeiba hata kijiko. Mfungashaji makini huongeza gramu kadhaa mwanzoni kwa ajili hiyo. Sabuni ya mche hukauka zaidi ya unga, ndiyo maana mche uliokaa sana dukani huwa mwepesi na mgumu.

Namna ya kutofautisha unga uliokauka na pakiti iliyojazwa pungufu ni kuangalia tarehe ya kufungashwa. Nunua pakiti mbili tatu za aina ile ile zenye tarehe za karibu, na nyingine za zamani kidogo, upime zote bila karatasi. Za zamani zikiwa nyepesi na mpya zikagonga 1,000, ni ukavu. Zote zikiwa nyepesi sawasawa, mpya na za zamani, mashine ya kiwandani imewekwa chini.

Haya yote yana maana iwapo mizani yako inasema kweli. Kuonyesha gramu moja moja kwenye kioo si sawa na kuwa sahihi kwa gramu moja. Iweke juu ya meza ngumu iliyonyooka, si juu ya kitambaa wala mkeka. Iwashe, ngoja isome sifuri, weka bakuli, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, kisha mimina. Weka mzigo katikati; ukiusogeza pembeni na namba ikabadilika kwa gramu tano, mizani hiyo haifai kushuhudia. Betri ikichoka namba hutembea zenyewe. Hakikisha pia haijahamia kwenye alama ya ml, kwani alama hiyo hukisia kila kitu ni maji au maziwa, na kwa mafuta itakudanganya kwa karibu asilimia 9.

Tengeneza jiwe lako la kulinganishia. Jaza chupa ndogo kwa mchanga mkavu hadi ifike karibu nusu kilo, ifunge kwa nguvu, izungushie gundi ya utepe kifuniko. Peleka kwa sonara kama mizani yake inabeba uzito huo, maana mizani ya sonara ina mgawanyo mdogo kuliko ya kaunta, na iangalie iwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Andika uzito juu ya chupa kwa kalamu isiyofutika. Kabla ya kupima manunuzi, pima chupa hiyo kwanza. Ikisoma gramu sita pungufu, unajua mizani yako ina tatizo, si muuzaji.

Kwa vitu vidogo kama hamira, usiiamini mizani ya jikoni kwa kijipakiti kimoja. Gramu 11 zikikosewa kwa gramu moja ni asilimia 9. Mwaga vijipakiti vinne kwa pamoja, pima, gawa kwa nne.

Nimekuja kwenye sukari, na hapa nasema wazi kwamba hili ndilo linalonisumbua kuliko yote kwenye barua yako. Mfuko wa nailoni una gramu tatu au nne tu, kwa hiyo umepata kama gramu 956. Sukari iliyofungwa haikauki kiasi hicho. Mizani ya kaunta yenye mgawanyo wa gramu 5 ikiwa kazini inaruhusiwa kukosea kwa kilo moja takriban gramu 5, si 44. Kwa sukari ya sh 3,000 kwa kilo, umelipia sh 132 usichopewa, na unanunua mara ngapi kwa wiki wewe unayepika kwa oda?

Mfuko usio na jina la mfungashaji wala uzito haukupi kitu cha kushika. Usinunue uliokwisha fungwa. Mwambie muuzaji akupimie mbele yako. Simama ukitazamana na mizani, si ubavuni, kwa sababu mshale ukitazamwa kwa pembeni husoma namba ya jirani yake. Kabla hajaweka kitu, mshale uwe kwenye sifuri huku sahani au karatasi atakayotumia ikiwa tayari juu yake. Kama anatumia mizani ya mawe, angalia mawe yenyewe: yawe na chapa ya uhakiki, na kitako chake kisiwe kimetobolewa. Jiwe lililochimbwa chini na kuzibwa lina uzito pungufu, na ni ujanja wa siku nyingi. Kosa la mizani mara nyingi ni la gramu zile zile kwa kila upimaji, kwa hiyo anayenunua robo nne hupunjwa mara nne kuliko anayenunua kilo moja kwa mpigo. Wanaopimiwa kwa kisado na kopo wamo hatarini zaidi, kwani kitako cha kopo kikibonyezwa ndani hakionekani likishajaa.

Kwa hili la sukari, na kwa unga ikiwa pakiti zako tano zimethibitika, mlango ni Wakala wa Vipimo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inautaka mzani wa biashara uhakikiwe kila mwaka na kuwekewa alama, na wakaguzi wana mamlaka ya kuingia dukani, ghalani na kiwandani. Wakala una ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara, Morogoro ikiwemo. Nenda na pakiti mbili au tatu ambazo hujazifungua, kwa sababu pakiti iliyofunguliwa jikoni haithibitishi chochote: yeyote anaweza kusema umechota. Chukua risiti ya EFD, jina la duka, tarehe ya kufungashwa na namba ya toleo iliyopigwa kwenye pakiti. Mkaguzi hatategemea pakiti zako kumtia mtu hatiani. Atakwenda mwenyewe kuchukua makumi ya pakiti za toleo hilo na kukokotoa wastani. Kazi yako ni kumwonyesha pa kuanzia.

Ikiwa tatizo ni maandishi, kwa mfano uzito haupo, umefichwa chini ya mkunjo au asilimia ya mafuta haijaandikwa, hilo unaweza kulipeleka pia Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Na kama pakiti bado ina picha, tangazo au stika inayotaja uzito wa zamani, hapo ni udanganyifu kwa mlaji, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inaipa Tume ya Ushindani, FCC, kazi ya kuushughulikia. Kupunguza pakiti kimyakimya bila uongo wowote kwenye lebo hakuna atakayekukamatia mtu. Ufaransa, tangu Julai 1, 2024, maduka makubwa yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa kubandika tangazo kwa miezi miwili kwa bidhaa iliyopunguzwa uzito huku bei ya kipimo ikipanda. Ni kanuni nzuri na ningependa kuiona kwetu.

Sasa jikoni. Acha kabisa kuandika pakiti. Andika kila pishi kwa gramu, na unga uwe ndiyo 100. Maandazi yako ya maziwa yaandikwe hivi: unga 1,000 g, maziwa 500 ml, sukari 150 g, mafuta 60 g, hamira 10 g, chumvi na iliki kama ulivyozoea. Maziwa ni 50 kwa 100 ya unga, sukari ni 15, mafuta 6, hamira 1. Ukipata unga wa 973 na unajua haujakauka bali umejazwa pungufu, zidisha kila kitu kwa 0.973: maziwa yanakuwa ml 486, sukari 146, hamira kasoro kidogo 10.

Ulichokuwa unafanya ni kumwaga pakiti nzima ya maziwa ya ml 450, na hapo umekosa ml 36 kwa kiasi cha chini. Kama unga umekauka, hesabu ni nyingine. Unga mkavu umo wote 860, hivyo unahitaji ml 500 zako pamoja na zile 23 zilizokwenda na mvuke, jumla 523. Umekosa ml 73. Hilo linatosha kabisa kukaza donge na kuifanya hamira ishindwe kulivimbisha, kwa sababu donge gumu linaipa gesi kazi kubwa ya kulinyanyua.

Kwa kuwa hujui kila mara ni hali ipi, anza na ml 480, kanda dakika tatu, funika, acha dakika kumi unga unywe. Kisha ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja cha ml 15 hadi donge liwe laini, lijibonyeze kwa kidole na kurudi taratibu bila kung'ang'ania mkononi. Utasimama mahali fulani kati ya 480 na 525. Andika namba hiyo pembeni ya pishi pamoja na aina ya unga na tarehe yake ya kufungashwa. Baada ya magunia mawili matatu utaijua tabia ya kila aina.

Bei za oda zako zihesabu kutoka kwenye bei ya kilo na ya lita, siyo ya pakiti. Weka daftari lenye safu nne: bidhaa, bei uliyolipa, uzito ulioandikwa, bei ya kilo. Mteja akiuliza kwa nini keki imepanda, unamwonyesha mstari wa majarini. Na kama unafunga visheti au chipsi za ndizi kwenye mifuko yenye jina lako, Sheria ile ile ya Vipimo inakuhusu. Andika uzito halisi kwa tarakimu zinazosomeka, pima baada ya bidhaa kupoa kwa sababu ikiwa ya moto bado inatoa mvuke, na lenga juu kidogo: kwa mfuko wa gramu 200 jaza 203 au 204 ili wastani wako usishuke.